Mtoto njiti, mama mwenye sonona na watu waliowazunguka: akili ya mtoto inaingiaje hapo?

Kauli hii naisikia sana: mama akipata sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, baada ya kujifungua mtoto wake atakuwa mzito wa akili, na kama huyo mtoto alizaliwa njiti ndo kabisa, imekwisha hiyo. Mara ya kwanza niliambiwa mimi mwenyewe, nimekaa pembeni ya inkubeta, mwanangu alizaliwa wiki ya 31 na siku hiyo alikuwa anatimiza siku kumi na nne. Aliyeniambia alikuwa ananitakia mema kabisa, alisema "jikaze, usilielie, utamharibu mtoto." Kuanzia hapo nikawa nalilia chooni.

Kwahiyo hii naiandika kwa yeyote aliyewahi kuambiwa hivo, na kwa yeyote aliyewahi kumwambia mwenzake. Ndani ya ile kauli kuna ukweli, siwezi kuficha, ila umekaa vibaya, umeruka hatua ya katikati ambayo ndo yenye maana yote. Ukishaielewa hiyo hatua utajikuta unauliza "nani yuko na huyu mama" kabla hata ya kuuliza "huyu mama ana nini".

Tuanze na mtoto mwenyewe.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Na sio wachache, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 walizaliwa kama milioni 13.4, yaani karibu mtoto mmoja katika kila kumi. Alafu njiti hawafanani, wa wiki ya 36 na wa wiki ya 26 ni habari mbili tofauti, huyu wa 26 mapafu bado, utumbo bado, mishipa ya damu kichwani laini kiasi kwamba inaweza kuvuja. Lakini hata yule ambaye watu wanasema "huyu mbona kama katimia tu", ubongo wake una kazi kubwa mbele. Wiki ya 34 ubongo wa mtoto una uzito kama asilimia 65 ya ule atakaokuwa nao siku zikitimia. Ile mikunjo tunayoiona kwenye picha za ubongo inajikunja kwa kasi kipindi hichohicho, na zile nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine zinaanza kuvishwa utando wa mafuta unaofanya ujumbe upite haraka. Kazi yote hii ilitakiwa ifanyike tumboni, gizani, kwenye joto, sauti ya mama inasikika kwa ndani. Njiti anaifanya kwenye taa, mashine zinapiga kelele, anatobolewa kisigino kutolewa damu, na mara nyingi anayemshika anamshika kwa sababu kuna kipimo cha kuchukua.

Kwahiyo ndio, kwa wastani wanabaki nyuma kidogo kwenye vipimo vya akili. Uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti nyingi pamoja ulikuta kwamba wakifika umri wa shule, waliozaliwa njiti wana kama pointi 11 pungufu ya wenzao waliozaliwa siku zimetimia, kwenye vipimo ambavyo mtu wa kawaida yuko kwenye 100. Hapa soma taratibu maana hapa ndo watu wanaogopa bure. Huo ni wastani. Ndani ya hao hao njiti wengi wana alama za kawaida kabisa, wapo walio juu, na wapo walio chini sana, yaani njiti na njiti wanaweza kuachana mbali kuliko hizo pointi 11. Na swali lililowasumbua watafiti miaka yote hii ni hilo hilo, inakuwaje watoto wawili wamezaliwa wiki moja, uzito mmoja, wametoka na hali inayofanana, miaka mitatu baadae mmoja anakupigia stori na mwingine maneno yanahesabika? Sehemu ya jibu iko kwenye ubongo wenyewe, kama ulivuja damu au kukosa hewa mahali. Sehemu nyingine iko nyumbani.

Kabla sijaendelea, hili la umri naomba lieleweke maana limeliza watu wengi. Njiti unamhesabia kuanzia tarehe aliyotakiwa azaliwe, sio aliyozaliwa. Kama aliwahi miezi miwili, siku kadi inasema ana miezi minane wewe mtazame kama wa miezi sita, na unaenda hivo mpaka atimize miaka miwili. Ukimlinganisha na mtoto wa jirani kwa tarehe ya kuzaliwa utaumia kila wiki bila sababu.

Na hizo alama zinatoka wapi kwa mtoto ambaye hata kuongea hajui? Kipimo kinachotumika sana kwenye tafiti hizi kinaitwa Bayley, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1969 na kimekuwa kinafanyiwa marekebisho tangu hapo. Mtoto anakaa mapajani kwa mzazi wake, mpimaji anaficha kitu chini ya kitambaa aone kama mtoto atakitafuta, anampa vipande avitie kwenye matundu yake, anaangalia mtoto anatulia na kitu kipya kwa muda gani kabla hajakichoka. Ukiangalia vizuri hapo hakuna alichofundishwa. Kinachopimwa ni kutulia, kukumbuka, kutaka kujua, kutegemea kwamba nikifanya hivi kitatokea kile. Na mambo hayo mtoto anaanza kuyajifunza mbele ya uso wa mtu.

Hapo ndo sonona inapoingia.

Tutofautishe kwanza. Siku ya tatu mpaka ya tano baada ya kujifungua wanawake wengi wanakuwa na machozi ya karibu, wanacheka wanalia, homoni zimeporomoka ghafla, hiyo inapita yenyewe ndani ya wiki mbili. Sonona, wengine wanaita unyogovu, haipiti hivo. Unakuta mtu kila kitu kimepoteza ladha, usingizi hauji hata mtoto akilala, au anaona anatazama maisha yake kupitia kioo, kila kosa ni lake, na lile analotegemewa alihisi kwa mtoto hahisi, alafu anaona aibu kwa kutohisi. Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua wana tatizo la afya ya akili, zaidi likiwa hilo la sonona, na kwenye nchi zinazoendelea inafika karibu asilimia 20. Kwa akina mama wa njiti hali ni nzito zaidi, uchambuzi wa mwaka 2010 ulikuta kwenye baadhi ya tafiti inafika mpaka asilimia 40 kwenye miezi ile ya mwanzo.

Hiyo namba haikunishangaza hata kidogo. Fikiria mtu amejifungua ghafla, hakuwa amejiandaa hata kiakili, mtoto kachukuliwa mbio kabla hajamshika. Anarudi kulala bila mtoto. Anakamua maziwa kila baada ya masaa matatu usiku na mchana kwa ajili ya mtoto anayelishwa kwa mrija, na akikamua yakatoka matone anajiona kashindwa hata hilo. Anaangalia namba kwenye mashine kuliko anavyoangalia mtoto, kwasababu namba ndo zinazomwambia kama mtoto yupo. Alafu kichwani kuna lile swali halitoki, nilifanya nini, nilibeba nini, nilikula nini, wakati mara nyingi hata madaktari hawapati sababu ya uchungu kuanza mapema.

Kuna dodoso moja fupi linaitwa la Edinburgh, lilitengenezwa mwaka 1987, maswali 10 tu kuhusu siku saba zilizopita, kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3. Ukifika 13 na kuendelea, kwingine wanaanzia 10, inabidi mtu mwenye utaalamu akae na wewe muongee. Halisemi una ugonjwa, linasema usiachwe peke yako na hili. Swali la mwisho linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru, na hilo halisubiri jumla ya alama. Kama ni wewe au ni mtu unayemjua na mawazo hayo yapo, au anasikia sauti, au anaamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, hospitali ni leo leo, na asiende peke yake.

Sasa tuje kwenye ile hatua ya katikati. Sonona haitoki kichwani kwa mama ikaruka kwenye kichwa cha mtoto kama mafua. Inapita kwenye maongezi. Ndio, maongezi, na mtoto wa miezi mitatu. Mtoto anatoa kitu, jicho, sauti, teke, mtu mzima anajibu, mtoto anasubiri, anatoa tena. Mara mia kwa siku, sekunde chache chache. Kila jibu linamfundisha kwamba nikifanya kitu dunia inaitika, na ubongo unajenga njia zake humo humo.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick aliwaonyesha wenzake jaribio lake ambalo mpaka leo linatazamwa. Mama anacheza na mtoto kawaida, alafu anaambiwa auache uso wake uwe mkavu, asitabasamu, asijibu, amtazame tu kwa dakika mbili tatu. Mtoto anagundua haraka sana. Anatabasamu kumrudisha mama. Anapiga kelele. Ananyoosha mikono. Ikishindikana anageuza uso pembeni, mwili unalegea, anajishika mwenyewe. Ukiitazama inauma. Lakini sehemu ambayo watu wanaisahau ni mwisho wake, mama anarudi kuwa mama, na mtoto anarudi kwenye mchezo, labda ananuna kidogo kwanza. Yaani kukatika kwa maongezi sio msiba, hata kwa mama mwenye afya yanakatika kila saa. Tatizo ni yakikatika yasirudi, wiki baada ya wiki.

Mama mwenye sonona kuna namna mbili anaweza kuonekana. Mmoja amezima, anamlisha mtoto, anambadilisha, kila kitu kinafanyika lakini uso hauna kitu na mdomo umefungwa. Mwingine ni kinyume, ana haraka, anamtikisa, anamgeuza, anamletea uso karibu mno, anamlazimisha achangamke kwasababu ukimya wa mtoto unamwambia "hanipendi". Wote wawili wanapitwa na zamu ya mtoto.

Alafu sasa weka njiti hapo. Mtoto aliyetimia anaongea kwa sauti kubwa, ukimpoteza atakuita. Njiti ananong'ona. Nilikaa na wangu mpaka nesi mmoja akanionyesha, akasema tazama vidole, vikifunguka kama nyota ujue amechoka. Akipiga miayo, akipata kwikwi, akigeuza macho, rangi ikibadilika mdomoni, anakwambia ngoja kidogo. Mimi yale macho kugeuka nilikuwa nayasoma kama kunikataa. Kila akigeuka moyo unashuka, nanyamaza, na mimi nikinyamaza yeye hana wa kumwita tena. Ona hapo: mtoto mwenye ishara hafifu na mama ambaye sonona imempunguzia nguvu ya kuziona, wamekutana kipindi ambacho wote wawili hawana akiba. Hakuna mwenye kosa. Ni watu wawili wachovu wanashindwa kusikilizana.

Na maneno yanahesabika kweli. Kuna watafiti Marekani waliwavalisha njiti vijifulana vyenye kinasa sauti masaa 16 wakiwa bado wodini, wakahesabu maneno ya watu wazima yaliyowafikia. Walikuwa watoto 36 tu, sio utafiti mkubwa, lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliosikia maneno mengi zaidi ndo waliokuja kupata alama nzuri zaidi za akili na lugha walipofika miezi 7 na miezi 18. Watoto ambao kwa tarehe walitakiwa wawe bado tumboni, na maongezi yalishaanza kufanya kazi.

Hapa nataka niweke breki, maana ni rahisi kuondoka na hitimisho baya. Kwanza mstari unaenda pande zote mbili, mtoto mgumu kutulia, asiyelala, anayerudi hospitali kila mwezi, anaweza kumzamisha mama kwenye sonona, kwahiyo ukikuta sonona na alama za chini mahali pamoja usiseme haraka kipi kilianza. Pili kuna vitu vinaleta vyote viwili, umaskini, kutelekezwa, ugomvi ndani ya nyumba, ugonjwa. Tatu muda ni kila kitu. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1999 uliofuatilia watoto mpaka miaka mitatu, sio njiti peke yao, ukakuta walioathirika zaidi ni wale ambao mama zao walikuwa na sonona mfululizo bila kupona, tena sehemu nzuri ya tofauti ilielezwa na namna mama alivyokuwa anamwitikia mtoto. Yaani mama aliyeugua miezi minne akapata msaada hayuko kwenye hesabu moja na aliyeachwa miaka mitatu. Ile "utamharibu mtoto" ingekuwa na ukweli zaidi kama ingesemwa kwa wanaomwacha.

Basi sapoti. Hili neno limechakaa, kila mtu anasema sapoti, lakini watafiti wanalikata vipande. Kuna ya vitendo, mtu amefua, amekupeleka kliniki. Kuna ya moyo, mtu anakusikiliza bila kukukatisha. Kuna ya taarifa, kama yule nesi na vidole vya nyota. Kuna ya kukuthibitishia kwamba unachofanya unakiweza. Na jambo ambalo lilinifungua macho ni kwamba kinachoonekana kumlinda mama zaidi sio idadi ya watu waliomsaidia, ni kama yeye mwenyewe anaona kuna mtu akimwita atakuja. Unaweza kuwa na nyumba imejaa watu na ukawa peke yako. Ndugu sita wamekuja, wanataka kuhudumiwa, wanashangaa udogo wa mtoto kwa sauti, mmoja anasema "hivi huyu atapona kweli", wakiondoka umechoka kuliko walivyokukuta. Kwa hesabu ya nje umepata sapoti. Kwa hesabu ya moyo umelipa.

Inamfikiaje mtoto? Njia ya kwanza ni kwamba sapoti inapunguza sonona yenyewe. Ontario, Kanada, walichukua wanawake 701 waliokuwa kwenye hatari kubwa, nusu wakawa wanapigiwa simu na mama mwingine wa kujitolea ambaye aliwahi kupitia sonona akapona. Simu tu, kutoka kwa mwenzio. Matokeo ya mwaka 2009, baada ya wiki 12 wenye dalili walikuwa asilimia 14 kwa waliopigiwa na 25 kwa wasiopigiwa. Njia ya pili hata sonona isipopungua sana, sapoti inalinda maongezi, mama aliyelala masaa manne ana sekunde mbili za ziada za kusubiri zamu ya mtoto. Ya tatu ni ya moja kwa moja kabisa, msaidizi naye ana uso na mdomo, mama akiwa amezima leo, mtoto ana mtu mwingine wa kuongea naye.

Sasa kuna utafiti mmoja naupenda kwa sababu unatukatalia jibu rahisi. Pakistan, maeneo ya vijijini ya Rawalpindi, wahudumu wa afya wa jamii ambao sio wataalamu wa akili walifundishwa kuongea na akina mama wenye sonona kwa mpangilio maalum, nyumbani kwao. Ikachapishwa mwaka 2008, mtoto akiwa na miezi sita waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati kundi la akina mama ambao hawakupata maongezi hayo ni 53. Ushindi mkubwa sana. Lakini watoto walipofika miaka saba wakapimwa akili, tofauti kati ya makundi mawili haikuonekana. Watu wengine wanasoma hapo wanasema kumbe haina maana kumtibu mama. Mimi naona kinyume. Mama kupona ni jambo kamili lenyewe, hatumtibu ili mtoto apate alama. Na pili, kupona hakumfundishi mtu kusoma vidole vya njiti. Ni vitu viwili tofauti na vyote vinahitajika.

Kwamba hicho cha pili nacho kinafanya kazi, angalia Vermont, Marekani, tafiti zilizoanza kutoa matokeo miaka ya 1980. Nesi alikaa na mama wa njiti vikao saba kabla hawajaruhusiwa, alafu akawafuata nyumbani mara nne. Vikao 11 basi. Walichofanya ni kumtazama mtoto pamoja, hapa anakuita, hapa anachoka, subiri, sasa mjibu. Mwaka wa kwanza na wa pili alama za watoto wao hazikuachana na za njiti ambao mama zao hawakupata vikao hivyo, ungeweza kusema mradi umefeli. Miaka mitatu wakaanza kuachana, minne zaidi, na walipopimwa wakiwa na miaka 9 watoto wa waliofundishwa bado walikuwa mbele. Nesi aliondoka zamani, mama alibaki na kile alichokiona, na maongezi yalikuwa yanajilipa kila siku kidogo kidogo.

Mradi mwingine mkubwa, njiti 985 kwenye miji minane ya Marekani, matokeo ya 1990, baadhi yao walitembelewa nyumbani, kukawa na kituo cha kulelea watoto na vikundi vya wazazi mpaka miaka mitatu. Walipotimiza mitatu, wale waliozaliwa na zaidi ya kilo 2 walikuwa mbele ya wenzao wasiopata msaada huo kwa pointi 13, waliozaliwa wadogo zaidi pointi 7 hivi. Msaada ukasimama hapo. Miaka minane faida imepungua sana, na kwa wale wadogo zaidi haikuonekana tena. Mimi sioni ajabu, njiti mdogo kabisa ndo anayehitaji kusindikizwa safari ndefu, na huwa tunamuaga mapema kwasababu ameshanenepa na anapendeza.

Na kuna sapoti ambayo inavaliwa mwilini. Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey hakuwa na inkubeta za kutosha, akawafunga watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo tunaita kangaruu. Watoto wa huko waliofuatiliwa miaka 20, matokeo ya 2017, waliobebwa walikuwa na utulivu zaidi wa tabia kuliko waliolelewa kwenye inkubeta na wazazi wao walikuwa wamejihusisha nao zaidi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linasema kangaruu ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, masaa 8 mpaka 24 kwa siku. Masaa nane. Jaribu kukaa masaa nane na kitu cha kilo moja na nusu kifuani, hujala, una mshono, una mtoto mwingine nyumbani. Haiwezekani bila mtu. Kwahiyo unapomwambia mama "fanya kangaruu" umesema pia kwamba kuna mtu atamletea maji, na kuna kifua kingine cha kupokezana naye, cha baba, cha shangazi, cha bibi. Kifua cha baba kinafaa vizuri kabisa, na tusimsahau huyo baba, kama mmoja kati ya kumi naye anapata sonona kipindi hiki na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Ukiniuliza basi umsaidieje mtu, nitakwambia achana na "ukihitaji chochote niambie." Mwenye sonona hawezi kukuambia, kuomba kunahitaji nguvu ambayo ndo hiyo imeisha, alafu kuna aibu. Taja siku, taja saa, taja utakachofanya, na uje. Usije na ushauri. Usiseme "mshukuru Mungu yuko hai", analijua hilo, na ukilisema unafunga mlango wa kile alichotaka kukuambia. Muulize mtoto leo amefanya nini, muache akuonyeshe, maana ukimuuliza hivo unamrudisha kwenye kumtazama mtoto badala ya mashine. Na ukishika mtoto, mwongeleshe. Chochote, msimulie ulivyokuja njiani. Kama miezi inapita na mwenzio bado hajarudi, msindikize kwa daktari, kuna dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia chini ya uangalizi na kuna tiba ya maongezi, hizi ni tiba za kweli na watu wanapona.

Wangu alikuwa na miezi mitano kwenye kadi, mitatu kwa hesabu ya kweli, wakati rafiki yangu aliposema nakuja Jumanne saa kumi, nakaa naye mpaka saa moja, wewe unalala. Sikuamini. Jumanne saa kumi kasoro alikuwa mlangoni. Nililala masaa mawili na nusu, usingizi mzito ambao nilikuwa nimeusahau. Niliamshwa na sauti yake sebuleni, anaongea, ananyamaza, anaongea tena, nikadhani kuna mgeni. Nikachungulia. Alikuwa amemlaza mtoto mapajani anamsimulia habari za kazini kwake, akimaliza sentensi anasubiri, na mtoto macho yameganda kwenye mdomo wake, kimya, kimya, alafu kikatoka kisauti kidogo. Rafiki yangu akamwambia "enhee, alafu?" Nikaenda nikakaa pembeni yao.